AC na redio ya gari Unguja na Pemba: njia ipi uchague unapofika kwa fundi

Gari nyingi zinazotembea Unguja na Pemba zilishushwa bandarini zikiwa zimeshatumika Japani. Mwenye gari akishamaliza mambo ya ushuru na namba, vitu viwili huanza kumsumbua: AC inapuliza hewa ya vuguvugu, na redio haishiki steshini za hapa. Kwa kila kimoja atatajiwa njia mbili tatu, bei zake zimeachana sana, na kila fundi ataisifu ile aliyoizoea.

Kabla ya bei, mimi natazama jambo moja: njia hiyo itafungua mfumo mara ngapi? Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, hata kwa anayekaa Dole, mbali na ufukwe. Mabomba ya AC yakiwa yamefungwa sawasawa na waya zikiwa nzima ndani ya ganda lake, chumvi haina pa kuingilia. Kila pahala panapofunguliwa na kurudishwa ovyo ndipo uharibifu unapoanzia. Ndiyo maana ukarabati wa rahisi unaorudiwa kila baada ya miezi michache mara nyingi huimaliza gari mapema kuliko ule wa ghali unaofanywa mara moja.

Vioo chini au AC?

Wapo wanaosema gari ya kisiwani haihitaji AC kwa kuwa upepo wa bahari upo. Kwa kipindi cha kusi wana haki. Juni mpaka Septemba, ukitoka Mjini asubuhi kwenda Makunduchi na vioo vimeshushwa, unafika mkavu. Kaskazi ni jambo jengine. Kuanzia Disemba mpaka Machi joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33, hewa imejaa maji, na ukikwama kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana hakuna upepo wa kukusaidia.

Kwa mafuta, vioo vinashinda. Kompresa, yaani pampu inayogandamiza gesi ya AC, katika gari ya kawaida inazungushwa na injini kwa mkanda, na gari ya cc 1,000 au 1,300 unausikia mzigo wake mara tu unapobonyeza kitufe. Mwendo unapokuwa mkubwa, upepo unaoingia dirishani huivuta gari nyuma na tofauti hupungua, lakini mwendo wa barabara zetu, na matuta yake, mara chache unafika huko.

Ila AC ina kazi ambayo vioo haviwezi kuifanya, nayo ni kukausha hewa. Wakati wa masika mvua inakulazimisha kufunga vioo, pumzi za watu wanne zinagonga kioo cha mbele, na baada ya dakika mbili dereva haoni. Washa AC, elekeza hewa kwenye kioo, weka kitufe cha kuingiza hewa ya nje, na ukungu unaondoka. Ukungu ukiwa upande wa nje wa kioo, tatizo limegeuka: kioo kimepoa mno, basi punguza baridi na upige waipa. Kwa sababu hii peke yake siwezi kumshauri mtu mwenye watoto wa skuli aiache AC ife, hata kama joto anaweza kulivumilia.

Wakati wa kusi usiisahau AC pia. Iwashe kama dakika kumi kila wiki, kwa kuwa oili inayolinda mpira wa shafti ya kompresa inatembea pamoja na gesi. AC iliyolala miezi mitano mara nyingi huamka ikiwa inavuja.

Kujaza gesi au kutafuta panapovuja?

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea.

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaigandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inageuka maji, inapita kwenye tundu dogo la vali na shinikizo lake kushuka, kisha ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, inachemka na kunyonya joto la hewa unayopuliziwa. Halafu inarudi kwa kompresa. Ikipungua, imetoka nje. Ni kweli mipira hupitisha kidogo kidogo kwa miaka, kwa hiyo gari ya miaka kumi ambayo mfumo wake haujawahi kuguswa ikipungukiwa kidogo si ajabu. Lakini AC iliyojazwa Ramadhani na ikafa kabla ya Maulidi ina tundu, na gesi yoyote utakayoongeza itapita hapo hapo.

Kujaza tu kunachukua robo saa. Fundi anaunga chupa, anatazama geji, baridi inatoka, unalipa na kuondoka na furaha. Kinachokosekana ni kipimo. Hajui ndani mlikuwa na gesi kiasi gani, kwa hiyo hajui sasa imefika kiasi gani. Chini ya boneti ya gari nyingi kuna karatasi ndogo yenye aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, na gari ndogo huwa kwenye mia tatu mpaka mia tano hivi. Ikizidi, shinikizo linapanda, baridi inapungua badala ya kuongezeka, na kompresa inabeba mzigo isioumbiwa. Pili, gesi inapovuja huondoka na sehemu ya oili, na kujaza gesi peke yake hakuirudishi. Tatu, na hili kwetu ni zito kuliko kwengine, mfumo ukishapungua sana hewa yenye unyevu huingia. Unyevu ukikutana na gesi na oili huzaa tindikali inayokula kompresa na evaporeta kwa ndani. Maji hayo hayo huganda kwenye tundu la vali: unapata baridi dakika kumi, inakatika, unazima, baadaye inarudi. Ukiona dalili hiyo, chupa nyengine ya gesi haitakusaidia.

Njia ya pili inachukua nusu siku au zaidi. Fundi anapima mfumo kwa naitrojeni na povu la sabuni, au anatia rangi inayong'aa kwa taa ya urujuanimno na kukwambia urudi baada ya siku chache. Anaangalia maungio ya mabomba, oringi (vipete vya mpira vya kuzibia maungio), shafti ya kompresa, vali za kujazia gesi, na hasa kondensa, kwa sababu bati zake za aluminiamu ndizo za mwanzo kupigwa na hewa ya chumvi. Vumbi lililolowa mafuta kwenye ungio ni ushahidi ambao hata wewe unaweza kuuona kwa macho. Akishaziba, anabadilisha draya, yaani kichungi kinachonyonya unyevu, kama mfumo ulikaa wazi, anavuta hewa kwa pampu nusu saa au zaidi ili unyevu utoke, anaiacha kidogo aone kama sindano ya geji inapanda, kisha anatia gesi kwa mizani.

Kwa gharama ya siku moja, njia ya pili inauma. Kwa muda wa mwaka, mtu anayejaza kila baada ya miezi michache analipa na bado anaelekea kwenye kompresa mpya. Nimeshuhudia watu wakilipia gesi mara nyingi kwa sababu ya oringi moja, kitu kidogo kuliko pete ya kidole.

Kujaza tu nakukubali kwa hali moja: gari haijawahi kufunguliwa, baridi imepungua lakini haijaisha, na fundi anakubali kutia ile rangi pamoja na gesi. Ikipungua tena, mahali panapovuja patajionyesha. Neno la kumwambia ni jepesi: "Fundi, kabla hujajaza, naomba unitafutie inapovuja." Akikujibu kuwa gesi huisha yenyewe, mshukuru na uende kwengine.

Kuhusu aina ya gesi hakuna kuchagua. Gari nyingi za Japani za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 zinatumia R134a. Za kabla ya hapo zilikuwa na R12, iliyoondolewa kwa kuharibu tabaka la ozoni. Na baadhi ya mpya zinatumia R1234yf. Fuata karatasi ya chini ya boneti. Ukitajiwa gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na inapoza vizuri, kataa kabisa. Ni kweli inapoza. Pia inawaka moto, na evaporeta ikivuja gesi hiyo inaingia pale walipokaa watoto wako. Wala usimruhusu mtu kuifungulia R134a hewani: ina nguvu ya kuipasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito huo huo, na sisi wa visiwa tunalijua vyema suala la bahari kupanda.

Kabla hujalipia gesi yoyote

Kuna matatizo ambayo hayahusiani na gesi hata kidogo. AC inapoza gari ikienda na inatoa joto ikisimama: angalia feni ya kondensa, au kondensa yenyewe imejaa mchanga na majani. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa mkondo mdogo. Mashine ya nguvu ya kuoshea magari inazilaza bati zake. Kwa anayeshinda njia ya Paje au Nungwi, kuosha huku kila mwezi ni matunzo bora na hayagharimu kitu.

Feni ya ndani inapuliza kwenye namba ya mwisho tu? Rezista yake imeungua, kitu kidogo. Upepo dhaifu hata ukifungulia mwisho? Vuta kabati dogo lililo mbele ya abiria, nyuma yake katika gari nyingi kuna filta ya hewa, na wengi hawajui ipo. Yapo magari yanayofika hapa na filta ileile ya Japani, nyeusi tititi. Maji miguuni mwa abiria maana yake mpira wa kutolea maji ya evaporeta umeziba. Na ile harufu ya uvundo unapowasha asubuhi ni ukungu ulioota kwenye evaporeta iliyolala mbichi. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani zima kitufe cha AC, acha feni ipulize, ikauke. Marashi ya kutundika hayaondoi ukungu.

Kompresa: mtumba au mpya?

Kompresa ya mtumba iliyotolewa kwenye gari ya Japani mara nyingi ni ya kiwanda chenyewe na ina nguvu, lakini hujui imekaa wazi kwa muda gani. Ukiona matundu yake hayana vizibo na imewekwa juu ya meza ya duka lililo karibu na bahari, iache. Mpya isiyo ya kiwanda cha asili ina dhamana ya muda mfupi na ubora wake unatofautiana sana. Mimi ningechukua mtumba wenye vizibo, klachi yake inazunguka bila kukwaruza, na oili inayotoka ni safi. Na oili ya kompresa yako ya zamani ikitoka nyeusi au ina vipande vya chuma, ile ilikufa vibaya, na kwa uchafu uliobaki kwenye mabomba hata hii itakufa.

Wenye haibridi, kama Prius au Aqua, wasome hapa kwa makini. Kompresa yao inaendeshwa na umeme mkubwa wa betri ya gari na inahitaji oili maalumu isiyopitisha umeme, inayojulikana kama ND-11. Oili ya kawaida ya PAG, hata ile iliyobaki kwenye mipira ya geji ya fundi, inaharibu kinga ya umeme ndani yake. Kwa gari hizi usichague fundi kwa bei. Mchague kwa kumuuliza anatia oili gani.

Redio: ya Kijapani, ya kawaida au ya Android?

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani si mbovu. Kule FM ilikuwa 76 mpaka 90, na tokea mwisho wa 2014 ikaongezwa hadi 95. Kwetu ni 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo ukifika 90 namba zinarudi mwanzo, na steshini nyingi za Unguja, Pemba na Bara zimebaki juu yake.

Njia isiyofungua chochote ni kile kitumaji kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara: simu inacheza, kitumaji kinarusha, redio inapokea. Watu hukiona hakifanyi kazi kwenye gari za Japani kwa sababu wamekiweka 100 au 106, ambako redio yao haifiki. Kiweke kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na steshini, ndipo vinapokutana. Sauti haitakuwa safi sana, lakini kwa kusikiliza kisomo na mawaidha inatosha.

Ya pili ni kisanduku cha kushusha masafa, kinachokaa kati ya antena na redio. Kikiwa cha 14, steshini ya 98.0 utaikuta kwenye 84.0. Kina waya mmoja wa umeme tu, plagi za antena ni zilezile, na dashibodi inabaki kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na vitufe vya usukani na kamera ya nyuma. Upungufu wake: dirisha linabaki dogo lilelile, limesogezwa tu. Redio ya 76 hadi 90 ikiwekewa kisanduku cha 14 itapata 90 mpaka 104, na steshini ya 106 hutaisikia. Andika namba za steshini unazozipenda kabla ya kununua, kwa kuwa visanduku vipo vya kushusha kwa viwango tofauti. Pia kinaongeza mvumo kidogo, na ukiwa mbali na mnara, tuseme Makangale, utauhisi.

Ya tatu ni redio ya kawaida isiyo na skrini kubwa, yenye USB na Bluetooth. Inapokea FM yetu yote, haili umeme mwingi, haipati joto, na haimvutii mwizi. Ina upana wa milimita 178 na kimo cha 50.

Ya nne ni ya Android, na ndiyo kila kijana anayoitaka. Ramani, video, kamera ya nyuma, simu kwa spika. Uzuri wake ni wa kweli. Lakini ya bei ya chini yenye RAM ya GB 1 inakuwa nzito baada ya muda mfupi, na gari iliyoachwa juani Forodhani mchana mzima inaichemsha. Ukubwa nao unawapotosha watu: nafasi ya Toyota nyingi za Japani ni milimita 200 kwa upana, ilhali redio nyingi ni 178, basi ama ununue ya 200 au fremu ya kuziba mapengo.

Cha kupigania hapa, kuliko chapa ya redio, ni plagi. Zipo plagi za kuunganisha redio mpya na soketi ya gari bila kukata waya hata mmoja. Bila hiyo fundi atakata, atasokota kwa vidole na kufunga tepu, na kwa unyevu wetu shaba itageuka kijani ndani ya mwaka. Spika moja inakatika, taa ya dashibodi inapepesa, na hakuna anayejua waya upi ni wa nini. Kwenye redio mpya, kwa kawaida waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu unafuata ufunguo, mweusi unaungwa kwenye bodi ya gari. Fundi akiunga njano na mwekundu pamoja ili "isisahau steshini", redio haizimiki sawasawa na betri inakuwa tupu baada ya siku kadhaa. Ukisikia mlio unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, angalia kwanza muungano wa waya mweusi.

Kwa mtu wa kawaida nachagua ya tatu. Kama redio ya Kijapani inafanya kazi vizuri na husikilizi zaidi ya steshini mbili tatu, kisanduku kinatosha. Android nunua kama unapeleka wageni, au unahitaji kamera ya nyuma kila siku, na bajeti inafika kwenye RAM ya GB 4.

Na yule mwanamke anayezungumza Kijapani kila unapowasha gari si redio. Mara nyingi ni kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, anasema kadi haijaingizwa. Hapa hakina kazi. Kichomolewe plagi yake tu, bila ya kukata waya.

Kwa spika nitasema machache. Za karatasi huoza kwa unyevu, chagua za plastiki. Hakikisha fundi anarudisha karatasi ya nailoni iliyomo ndani ya mlango, kwa kuwa ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiifikie spika. Amplifaya inahitaji waya wake kutoka kwenye betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Isiyo na fyuzi pale ni moto unaosubiri.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu

Tanguliza AC, isipokuwa gari yako ni ya kwenda sokoni na kurudi wakati wa kusi peke yake. Kwa gari ya kukodisha watalii hakuna mjadala. Mgeni anasamehe redio, hasamehi joto la Februari.

Iwapo fundi amethibitisha kuwa evaporeta ndiyo inayovuja, katika gari nyingi dashibodi yote itashushwa. Basi usiitie AC wiki hii na redio mwezi ujao. Nunua redio na plagi yake mapema, wakutanishe fundi wa AC na wa umeme siku hiyo hiyo, waya zipitishwe na kufungwa wakati kila kitu kipo wazi mbele yao. Ila kama unabaki na redio ya Kijapani yenye ramani, waulize kabla hawajachomoa betri: baadhi yake umeme ukikatika hujifunga na kudai namba ya siri, na kuipata namba hiyo ukiwa Chake Chake kunaweza kukuchukua muda kuliko kazi yote ya AC.